Nilivyomfungia Gwamaka

Mlioanza nami mnajua nilivyotoka kwa mume wangu Shabani kule Tukuyu nikiwa na Naila mgongoni na sanduku moja la nguo. Mnajua baba yangu, Mzee Husseini, alinipa chumba cha nyuma ya duka lake hapa Kyela mjini, nikakigeuza ukumbi wa gemu. Na mnajua tulivyofungwa mechi tatu mfululizo na watu waliocheza kama wameingia vichwani mwetu.

Aliyelifungua gazeti leo kwa mara ya kwanza asihangaike. Nitaieleza ligi yenyewe kidogo, maana asipoielewa hataielewa dhambi yangu.

Ilikuwa mwaka 1999. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na mashine za gemu zilikuwa zikiingia kutoka Dubai pamoja na redio na pasi. Bwana mmoja wa Mbeya, Andongwisye, aliyepunguzwa kazini kwenye shirika la umma lililokuwa likibinafsishwa, alitukusanya wenye kumbi sita akaunda ligi. Mbeya walikuwa na kumbi mbili, Tukuyu moja, Tunduma moja, Karonga, nchi jirani ng'ambo ya mto Songwe, moja, na sisi wa Kyela. Babu alitoka Kilwa, kwa hiyo ukumbi wetu nikauita Kilwa Gemu.

Haukuwa mchezo wa kupotezea wakati. Kila ukumbi ulisajili wachezaji watatu kwa mkataba, wakalipwa mshahara kama watu wa ofisini. Mchezaji hakuhama bila barua ya kuachiwa. Mechi zilichezwa Jumamosi alasiri, nyumbani na ugenini, na mwamuzi alitoka ukumbi wa tatu. Aliyemaliza wa mwisho alipoteza nafasi yake, ikapewa mji mwingine.

Mechi moja ilikuwa na michezo mitatu ya mpira wa kwenye televisheni, mtu kwa mtu. Siri yote ilikuwa kwenye mpangilio. Kila ukumbi uliandika nani atacheza wa kwanza, nani wa pili, nani wa tatu, ukafunga kwenye bahasha na kumkabidhi mwamuzi.

Ukiujua mpangilio wa mwenzako umemmaliza. Unamtoa kafara mchezaji wako dhaifu kwa hodari wake, kisha unajichukulia ile michezo miwili iliyobaki.

Hivyo ndivyo tulivyofanyiwa na Tunduma. Wiki iliyofuata Mbeya wakatufanyia vilevile, na wiki ya tatu Mbeya ile nyingine.

Mara ya kwanza nikasema ni bahati yao. Mara ya pili sikulala vizuri. Mara ya tatu nikaanza kuwatazama wachezaji wangu mmoja mmoja walivyokuwa wakila, wakicheka na kufunga viatu.

Nilikuwa nao watatu. Anyisile wa Ipyana, mwimbaji wa kwaya, mtu asiyepandisha sauti hata akifungwa mabao matano. Tuntufye wa hapahapa mjini, mwepesi wa maneno, mzito wa vidole. Na Gwamaka wa Ngonga, mtoto wa wakulima wa mpunga, miaka ishirini na miwili, aliyeishika pedi ya kuchezea gemu kama amezaliwa nayo. Hakukuwa na mtu baina ya Mbeya na Karonga aliyemfunga Gwamaka mara mbili.

Ndiyo maana nilimshuku yeye. Tuntufye angeiuza siri asingekuwa na cha kupoteza, nikajiambia, lakini mnunuzi wa maana huenda kwa mtu wa maana.

Tena kulikuwa na jambo la Alhamisi. Kila Alhamisi baada ya mazoezi Gwamaka alipanda baiskeli akaelekea Njisi. Nilipomuuliza alisema anakwenda kwa shangazi yake. Nikamuuliza Tuntufye kwa ujanja, akaniambia shangazi wa Gwamaka anayemjua yeye ameolewa Rungwe, na Njisi hana ndugu. Kutoka Njisi hadi Songwe ni hatua chache, na ng'ambo ya Songwe ni Karonga. Na Jumamosi tulikuwa tunacheza na Karonga. Huko ndiko anakokwenda kupatana bei, nikajiambia, kabla siri yenyewe haijatoka Ijumaa.

Nikatega mtego.

Desturi yangu ilikuwa kumpa kila mchezaji kipande cha karatasi siku ya Ijumaa asubuhi, chenye mpangilio, ili ajue atakutana na nani na ajiandae. Sikupenda kuusema kwa mdomo, kwa sababu kuta za ukumbi ule zilikuwa mbao tupu. Ijumaa ile niliandika karatasi tatu tofauti. Ya Gwamaka ilisema yeye atacheza wa kwanza. Ya Anyisile ilisema Gwamaka atacheza wa pili. Ya Tuntufye ilisema Gwamaka atacheza wa tatu. Nikamwonya kila mmoja asimwonyeshe mwenzake.

Jumamosi, bahasha zilipofunguliwa, Karonga walikuwa wamemweka wa kwanza mzee wao mmoja mwenye kitambi ambaye msimu mzima hakuwahi kushinda.

Wa kwanza. Sawasawa na karatasi ya Gwamaka.

Mimi kwenye bahasha nilikuwa nimemwandika Anyisile wa kwanza, na Gwamaka wa tatu. Tukashinda michezo yote mitatu, watu wakapiga makofi hadi vumbi likadondoka darini. Nikaenda stoo, nikakaa juu ya gunia la mchele, nikalia.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ndilo lililonileta kwenye gazeti hili. Sikumwita Gwamaka. Sikumkalisha chini nikamuuliza. Mtu niliyemlisha mezani kwangu mwaka mzima sikumpa hata swali moja. Jumatatu asubuhi niliandika barua ya kurasa mbili kwenda kamati ya ligi, nikaeleza mtego wangu kwa fahari, nikaomba achukuliwe hatua.

Tuliitwa Mbeya siku ya Jumatano. Mwenyekiti Andongwisye alikaa katikati. Kulia kwake alikaa katibu wa ligi, na katibu huyo, kwa wasiojua, alikuwa Shabani. Ndiyo, Shabani wangu. Yeye ndiye mwenye ukumbi wa Tukuyu, na kwa kuwa alikuwa na simu dukani kwake walimpa na ukatibu. Kila Ijumaa jioni alipiga simu kumbi zote kuthibitisha mechi za kesho.

Alinisalimia kwa adabu, akamuulizia Naila, kisha akaisoma barua yangu kwa sauti, neno kwa neno, kama msomaji wa taarifa ya habari.

Mwenyekiti akamuuliza Gwamaka anasemaje.

Gwamaka alisimama akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alitazama barua yangu mkononi mwa Shabani, akanitazama mimi.

"Sikumwambia mtu wa Karonga," akasema. "Wala wa mji mwingine wowote."

Mwenyekiti akamuuliza, karatasi ile ilionwa na nani zaidi yake.

Aliigeuza kofia mikononi. Aliendelea kuigeuza hadi mjumbe mmoja akakohoa. Nikaona shingo yake inatoka jasho, na nikasema moyoni, huyo, amepatikana.

"Mkisema nimeisema mimi, basi nimeisema mimi," akajibu mwishowe.

Wakamfungia maisha. Alikuwa mchezaji wa kwanza kufungiwa maisha katika ligi yetu. Shabani aliandika hukumu hapohapo, akampa Gwamaka aweke sahihi, naye akaweka bila kusoma. Nilidhani ni kiburi.

Tulirudi Kyela kwa basi moja, mimi kiti cha mbele, yeye cha nyuma kabisa. Alipoteremka hakuniaga.

Nikamsajili fundi redio mmoja badala yake, na Jumamosi iliyofuata tukacheza na Tunduma. Tulifungwa, maana fundi alikuwa fundi tu, lakini hakuna aliyetusoma. Tunduma walipanga watu wao ovyo kama vipofu. Nikamwambia baba kwamba sasa anaona, mdudu ameshatolewa. Baba aliitikia kwa kichwa, akaendelea kupima sukari.

Jumatatu yake akaja mama yake Gwamaka.

Mama Marta alikuwa ametembea kutoka Ngonga tangu alfajiri, na miguu yake ilikuwa na tope la majaruba hadi magotini. Nilijua amekuja kunitukana, nikajiandaa. Nikamwamkia, akaitikia kwa upole, akanisalimia na yeye kwa Kinyakyusa chake, "Ugonile, mwanangu," akakaa kwenye benchi la watazamaji. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa bahasha yenye muhuri wa ligi. Ilikuwa haijafunguliwa.

"Imekuja kwa Gwamaka," akasema. "Nimekuletea utusomee."

Nikamwambia angemwachia Gwamaka mwenyewe aisome, ni barua yake.

Mama Marta alinitazama kama mtu anayepima kama ninamdhihaki au la.

"Gwamaka hajui kusoma," akasema. "Hukujua?"

Nikaketi kando yake kwenye benchi.

Akanieleza taratibu. Baba yake alipofariki Gwamaka alikuwa darasa la kwanza, akatolewa shule kulinda ndege shambani, na hakurudi tena. Kuandika jina lake alifundishwa alipotaka kitambulisho cha chama cha ushirika, na zaidi ya hapo hajui hata herufi moja. Aibu ilimla. Alipoanza kucheza ligi na kuonekana mtu wa maana, ndipo alipoamua kujifunza, lakini si Ngonga wala hapa mjini ambako kila mtu anamjua. Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu kule Njisi. Alikuwa akienda kwake kila Alhamisi.

 Mwaka mzima alikuwa akizipokea karatasi zangu, akizitazama, akitikisa kichwa na kuzikunja mfukoni. Mwaka mzima.

"Mama," nikamuuliza, "karatasi nilizokuwa nikimpa Ijumaa, alisomewa na nani?"

"Na mzee wako," akasema. "Hapo mlangoni dukani. Gwamaka alisema mzee mwenye duka ni mtu wa kutunza siri, hata kumcheka hajamcheka. Mimi nilimletea mzee ndizi za kumshukuru. Hakukwambia?"

Niliifungua ile barua nikamsomea. Ilikuwa hukumu, yenye kila neno nililolitaka mwenyewe. Nilipofika kwenye maneno "kwa ushahidi wa Bi Asia Husseini" niliyaruka. Mama Marta alisema ndaga, asante ya kwao, akaikunja barua, akairudisha kwenye pindo, akaondoka. Hakujua nimeruka nini.

Nilisubiri baba atoke kuswali adhuhuri.

Alipokaa kwenye kiti chake mlangoni nilivuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa mbele yake. Nikamuuliza kama ni kweli Gwamaka alikuwa akija kwake kusomewa.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka.

"Aliniomba nisimwambie mtu kwamba hajui kusoma," akasema. "Sijamwambia mtu."

"Na kilichoandikwa, baba?"

Mteja akaingia kununua sabuni ya mche. Baba alisimama, akaikata, akaifunga kwenye gazeti, akarudisha chenji, akamuulizia mteja habari za mkewe. Yote hayo aliyafanya polepole kuliko kawaida yake. Aliporudi kukaa hakunitazama usoni.

Akaniambia yote. Kila Ijumaa, Gwamaka akishaondoka, alikuwa akiandika mpangilio kwenye kijikaratasi na kumpa kondakta wa basi la saa nne liendalo Tukuyu.

"Kwa Shabani," nikasema.

"Kwa mumeo. Talaka haijaandikwa, Asia. Naila ana baba."

Na Shabani, jioni akipiga simu zake za ukatibu, alikuwa akiwanong'oneza waliokuwa wacheze nasi. Baba alieleza bila kupandisha sauti, kama anayeeleza alivyonunua shamba. Shabani alikuja kwake mwanzoni mwa msimu akaapa kwamba amebadilika. Alimwambia kwamba mimi sitarudi nyumbani kwangu maadamu nina ukumbi na watu wa kunipigia makofi. Ukumbi ukimaliza wa mwisho ungefungwa, chumba kingerudi kuwa ghala la mchele, na mimi ningetulia nikafikiri. Baba alisema aliona ni gemu tu, televisheni na vijana, hakuna anayeumia.

"Walipomfungia Gwamaka, baba, uliona anaumia?"

"Nilipojua," akasema, "barua ulikuwa umeshaiandika. Mimi nilimwandikia mkwe wangu, Asia. Barua ya kumfukuza mtu uliiandika wewe."

Nikaichukua ile ndoo, nikairudisha mahali pake. 

Kuanzia siku ile sikumwamini mtu. Niliacha kula pamoja na baba, nikawa napika kwenye jiko la nyuma na Naila. Simu ikilia dukani nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza. Anyisile akimnong'oneza Tuntufye jambo, nilitaka kulijua. Niliacha kabisa kuandika karatasi, mpangilio nikawa nauamua palepale mezani mbele ya mwamuzi, na wachezaji wangu wakaanza kunitazama kama mgonjwa.

Jioni ya siku ile baba aliyokiri niliandika barua nyingine kwenda kwa mwenyekiti Andongwisye, kwa jina lake na si kwa katibu. Nilieleza kila kitu. Gwamaka hana kosa, siri ilitoka nyumbani kwangu, aliyeitoa ni baba yangu na aliyeipokea ni Shabani. Niliifunga vizuri. Nikaitia kwenye mkoba.

Na pale mkobani ikakaa siku kumi na mbili.

Mtanihukumu mnavyotaka. Kanuni ya ligi ilikuwa wazi, ukumbi ambao siri imetoka kwa mwenye ukumbi unafutwa siku hiyohiyo, na jina lake linabandikwa kwenye kumbi zote. Kilwa Gemu ilisajiliwa kwa jina la baba. Mzee wa miaka sitini na tisa, anayesalisha watu imamu akisafiri, jina lake lingebandikwa ukutani Mbeya na Tunduma kama la mwizi wa kuku. Kila asubuhi nilisema nitaipeleka posta leo. Kila asubuhi nilimkuta baba amekaa mlangoni, ananitazama nikitoka na mkoba, na nilirudi nao.

Siku ya kumi na tatu nilikwenda Ngonga kumwomba Gwamaka msamaha, angalau huo. Nilijiambia nikishamwona macho kwa macho nitapata nguvu ya kuipeleka barua.

Mama Marta alikuwa akianika mpunga. Safari hii hakuniita mwanangu. Akaniambia Gwamaka hayupo, amechukuliwa juzi na gari jeupe.

Nikamuuliza gari la nani.

"La yule bwana wa Tukuyu anayeandika," akasema. "Alikuja na barua, akaisoma hapa mbele yetu. Ilisema kamati imemsamehe mwanangu. Wewe hukuambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa, kwa sababu kamati haikuwa imekaa. Aliyesema imekaa alikuwa Shabani, na aliyeisoma barua ile alikuwa Shabani, na pale uwani kwao hakukuwa na mtu mwingine wa kuisoma.

Njiani nilirudi na mawazo mawili yakipigana. Moja lilisema Gwamaka amedanganywa. La pili lilikuwa baya zaidi, na ninaona haya kuliandika. Lilisema, labda hawa wawili walikuwa pamoja tangu mwanzo. Labda hata kutojua kusoma ni hadithi, na mama yake alitumwa kwangu na bahasha. Ndivyo shaka inavyomfanya mtu. Hata baada ya baba kukiri kwa kinywa chake, bado nilikuwa namtafutia Gwamaka kosa, kwa sababu akiwa na kosa mimi sina.

Jumamosi Tukuyu wakaja Kyela.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Sisi tulikuwa wa mwisho, na tulihitaji ushindi ili Karonga washuke chini yetu. Kufika saa nane ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Wakulima wa Ipyana walikuwa wameshuka na baiskeli zao, kina mama wamekaa chini mbele, na baba alikuwa ameweka kiti chake kwenye mlango unaotoka dukani. Nyuma kabisa nilimwona Mama Marta amesimama peke yake.

Shabani aliingia akiwa amevaa kanzu mpya. Nyuma yake wakaingia wachezaji wake watatu wenye jezi za njano. Wa tatu alikuwa Gwamaka.

Kelele zote zilikufa. Gwamaka alipita katikati ya watu waliomjua tangu utoto, akakaa kwenye benchi la wageni, akaweka pedi yake magotini. Alikuwa amekonda.

Mwamuzi alikuwa Mwalimu Zebedayo kutoka Tunduma, mtu wa kanuni kuliko kanuni zenyewe. Akasoma majina ya Kyela. Akasoma majina ya Tukuyu, na alipofika la tatu akatua, akalisoma mara mbili.

"Asajile," akasema. "Mchezaji wa tatu wa Tukuyu ni Asajile."

Mtu mmoja dirishani akacheka, kisha akanyamaza. Hakukuwa na mtu mle ndani asiyejua yule ni nani, na Mwalimu Zebedayo alijua vilevile, maana alishawahi kumchezesha mara nne. Lakini mwamuzi wa ligi yetu hakuwa na mamlaka ya kuuliza mchezaji ni nani. Pingamizi lilitolewa na ukumbi pinzani peke yake, kwa mdomo, kabla pedi hazijachomekwa kwenye mashine. Zikishachomekwa, matokeo yoyote ni halali.

Nikamtazama Gwamaka. Jina lilipotajwa aligeuka kumtazama jirani yake, kama anayesubiri huyo Asajile aitike. Hapo ndipo nilipojua. Hakuna aliyekuwa amemwambia kilichoandikwa kwenye fomu yake.

Nikageuka kwa Shabani, na nikakuta ananisubiri. Alitia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa vijikaratasi vilivyokunjwa, akavinyoosha mezani kimoja kimoja kwa kidole gumba. Vilikuwa vinne. Hata kutoka nilipokaa niliutambua mwandiko ule uliolala kushoto, wa mtu aliyejifunza kuandika Kiarabu kwanza. Nilikua nikiuona kwenye mifuko yote ya dukani.

"Mama Naila," akaniambia kwa sauti ya chini, ya heshima, "tucheze tu."

Nikipinga angevionyesha, na angesema vililetwa kwake kama katibu na msamaria asiyejulikana. Na mwandiko wa baba ulijulikana na nusu ya Kyela.

Baba, pale mlangoni, aliviona. Alishika mikono yote miwili ya kiti.

Gwamaka naye aliviona. Vilikuwa mbele yake kabisa, angenyoosha mkono angevigusa, vile vipande vinne vilivyokuwa vinasema hana kosa. Alivitazama kidogo, kama mtu anavyotazama ukuta, akarudisha macho kwenye pedi yake.

Mwalimu Zebedayo alifunga daftari, akashika waya wa kwanza.

"Tukuyu, mna pingamizi?"

Shabani akatabasamu, akasema hana.

"Kyela?"

Anyisile, aliyekuwa kando yangu, alinong'ona kwamba tukinyamaza tutafungwa na Gwamaka na tutashuka, na nikisema watamfunga jela safari hii kwa jina la kughushi. Alisema yeye hajui nifanye nini. Mkoba ulikuwa mapajani mwangu, na barua ilikuwa ndani.

"Kyela, nauliza mara ya mwisho."

Nikasimama. Kutoka mlangoni nikamsikia baba ananiita kwa jina langu, mara moja tu, na Gwamaka akainua macho. (Itaendelea)